Maswali ya wasomaji: Kanisa la Leipzig lenye mitende juu ya nguzo

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mhariri. Mimi ni mwanakwaya huku Machame, wageni kutoka Ujerumani walituletea kalenda na mwezi mmojawapo una picha za kanisa la Nikolai la Leipzig. Sasa kwaya nzima tunabishana. Picha ya nje ni kanisa la mawe la kizamani lenye minara, picha ya ndani ni jeupe, limenyooka, nguzo juu zina majani ya mitende. Wenzangu wanasema waliochapa kalenda wamechanganya makanisa mawili. Je ni kweli? Na mitende inafanya nini Ujerumani kwenye ile baridi? *Mama wa alto, Machame*

JIBU: Amina mama. Hawajachanganya, hilo ni kanisa moja, na nimefurahi sana umeliuliza maana ni moja ya makanisa ninayoyapenda kuliko yote na watu wetu wengi wanaopita Leipzig wanalipiga picha nje tu wanaenda zao.

Ni kanisa la usharika kabisa, la Kilutheri, lina wazee wa kanisa na ubatizo na kipaimara kama kwenu. Wajerumani wanaliita Nikolaikirche. Lilianza karibu mwaka 1165, kipindi kilekile Leipzig ilipopewa haki za kuwa mji, na lilijengwa karibu na pale njia kuu mbili za biashara zilipokuwa zinakutana, ndo maana wakalipa jina la Nikolao ambaye wenzetu wa zamani walimhesabu kuwa mlinzi wa wafanyabiashara na wasafiri. Upande wa magharibi bado una mawe ya enzi hizo. Alafu mwanzoni mwa miaka ya 1500 sehemu wanayokaa watu ikajengwa upya kwa mtindo wa Gothiki, yaani yale matao yenye ncha na dari lenye mbavu za mawe zinazopishana, na mwaka 1555 ukaongezwa mnara wa katikati wenye pembe nane. Hiyo ndo sura ya nje unayoiona kwenye kalenda. Matengenezo ya Luther yaliingia mjini pale mwaka 1539, kwahiyo kanisa likageuka la Kilutheri likiwa bado jipya jipya.

Jambo moja kuhusu hilo jengo la Gothiki, maana bila hilo huwezi kuelewa kilichofuata: ni kanisa la aina ya ukumbi. Makanisa mengi makubwa ya Ulaya sehemu ya katikati inapanda juu sana na pembeni panakuwa chini, hili la Nikolai katikati na pembeni vinalingana urefu. Ukiingia unaona nguzo zimesimama peke yake huku na huku mpaka juu kabisa, hakuna ukuta unaokatisha katikati yao. Shikilia hapo.

Johann Sebastian Bach alifika Leipzig mwaka 1723 kusimamia muziki wa makanisa ya mji, na tarehe 7 Aprili 1724, Ijumaa Kuu, muziki wake mkubwa wa mateso ya Yesu kwa Injili ya Yohana uliimbwa mara ya kwanza kabisa humo humo Nikolai. Waambie wenzio wa kwaya hiyo. Ila Bach hakuiona mitende hata siku moja, alifariki 1750 kanisa likiwa bado na nguzo zake za Gothiki.

Mitende imekuja na mtu anaitwa Johann Carl Friedrich Dauthe, ambaye alikuwa mkuu wa ujenzi wa mji. Mwaka 1781 alimaliza kutengeneza ukumbi wa muziki ndani ya jengo la wafanyabiashara wa nguo, Gewandhaus, na ule ukumbi ukasifika Ulaya nzima kwa jinsi sauti ilivyokuwa inasikika vizuri. Miaka mitatu baadaye, 1784, mji ukamkabidhi kanisa la Nikolai alitengeneze ndani, meya Carl Wilhelm Müller akiwa nyuma yake anasukuma. Kazi ilikwenda mpaka 1797. Hakubomoa. Nguzo za mawe za Gothiki zilikuwa na pembe nane, akazivalisha plasta zikawa za duara zenye mifereji ya kusimama kama nguzo za hekalu la Kigiriki. Dari la mbavu akalifunika kwa maumbo ya visanduku yenye maua. Nguzo na kuta nyeupe, waridi iliyofifia kwenye dari, kijani cha majani machanga juu ya nguzo. Yaani ukivua ile plasta leo, chini yake utalikuta kanisa la zamani limesimama vilevile, ndo maana picha zenu mbili zinaonekana kama hazijuani.

Kwanini Wagiriki? Kwasababu wakati huo Ulaya yote ilikuwa imeshikwa na habari za kale. Kule Italia mji wa Pompeii ulianza kufukuliwa 1748 na watu wakaona kwa macho kuta na nguzo ambazo walikuwa wanazisoma tu. Mwaka 1755 Mjerumani Johann Joachim Winckelmann akaandika kwamba uzuri wa Wagiriki uko kwenye usahili na utulivu, sio kwenye mapambo ya kujaza kila kona, na maneno yake yakasomwa kila mahali. Sasa rafiki wa karibu wa huyo Winckelmann alikuwa mchoraji Adam Friedrich Oeser, na Oeser alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha Leipzig, ndiye aliyemfundisha kuchora kijana Goethe aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa Ujerumani, na ndiye aliyechora picha za ndani ya kanisa hili, mpaka leo zipo. Kwahiyo unaona, yale mawazo hayakusafiri mbali, yalikuwa yanakaa mji mmoja na Dauthe.

Na mitende je? Kulikuwa na padri Mfaransa, Marc-Antoine Laugier, alitoa insha yake 1753 akasema jengo lote la kweli limetokana na kibanda cha mwanadamu wa kwanza: nguzo ni shina la mti, boriti ni tawi lililolazwa juu yake, paa ni matawi yaliyoegemezwa. Kila kitu kingine ni ziada. Wajenzi wa kizazi cha Dauthe walilikamata sana hilo wazo. Lakini Dauthe alikuwa na tatizo ambalo Mgiriki hakuwa nalo. Nguzo ya Kigiriki inabeba boriti iliyolala, basi, imeisha. Nguzo za Nikolai zilikuwa tayari zinabeba dari la Gothiki ambalo mbavu zake zinachomoka kwenye nguzo na kutawanyika juu pande zote. Ukiweka pale kichwa cha nguzo cha Kigiriki kikavu kikavu utaona kama kofia imevalishwa mtu ambaye nywele zinatokea juu ya kofia. Ye akaweka makuti. Majani ya mtende yanachomoka pale pale mbavu zinapoanza, yanainama kufuata njia ya mbavu, na jicho linakubali: mti umeota, umetanda, umekuwa dari. Kwangu mimi hiyo ndo akili kubwa kuliko zote ndani ya lile jengo, alichukua kitu kilichomkwamisha akakifanya ndo pambo.

Mkristo anayejua Biblia yake hatashangaa mtende kanisani. Hekalu la Sulemani lilichongwa mitende kwenye kuta, watu wa Yerusalemu walimpokea Bwana na matawi ya mitende, na Zaburi ya 92 inasema mwenye haki atasitawi kama mtende. Baridi ya Ujerumani haina shida, huu ni wa plasta.

Kitu kingine nataka mwanakwaya uone ni mwanga na sauti. Kanisa la Kilutheri ni nyumba ya kusikia, mimbari isikike, na ni nyumba ya watu wote kuimba, sasa huwezi kuimba kitabu hukioni. Weupe ule, madirisha marefu, roshani pembeni za watu kukaa wakimwelekea mhubiri, vyote vinafanya kazi hiyo. Mtu aliyetoka kutengeneza ukumbi bora wa muziki alijua anachofanya. Baadaye wakaweka kinanda kikubwa cha fundi Friedrich Ladegast, kilikamilika 1862, na kilikarabatiwa tena miaka ya 2000 mwanzoni.

Hayo ni ya ujenzi, lakini siwezi kuliacha hili. Wakati Ujerumani Mashariki iko chini ya ukomunisti, kuanzia Septemba 1982 usharika ule ulikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Walianza wachache. Kufika 1989 kanisa linajaa mpaka nje, chini ya ile mitende wamekaa waumini na wasioamini na hata watu wa chama tawala waliotumwa kuja kujaza viti. Mchungaji alikuwa Christian Führer, na mlangoni kulikuwa na maneno kwamba kanisa liko wazi kwa wote. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu karibu 70,000 walitembea kuzunguka mji na mishumaa, polisi na wanajeshi wakiwa tayari, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja kamili baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Miaka kumi baada ya siku ile, 1999, wakasimamisha nguzo moja nje kwenye uwanja wa kanisa, nakala ya zile za Dauthe na makuti yake juu, kuonyesha kwamba kilichokuwa ndani kilitoka nje. Angalia kalenda yenu vizuri, kama picha ya nje imepigwa upande wa uwanja utaiona.

Na kwenu Machame hili sio kanisa la mbali kihivyo. Shirika la misheni lililowaleta Walutheri wa kwanza Kilimanjaro, waliofika Machame mwaka 1893, makao yake yalikuwa Leipzig tangu 1848. Mji huohuo wa mitende, ndo uliotuma watu wakaja kwenye migomba yenu.

SWALI: Mambo vipi mhariri. Mimi ni fundi ujenzi hapa Sakina, Arusha. Siku hizi kila mteja anataka nguzo za duara mbele, hotelini, majumbani, makanisani, wanasema weka za klasiki. Nimepewa kazi ya kanisa, mbele ziwe nguzo nne na pembetatu juu. Nikizipandisha naona kama haziko sawa ila sijui kosa liko wapi. Kuna kanuni au ni macho tu? *Fundi, Arusha*

JIBU: Poa fundi, na hongera kwa kuuliza maana wengi wanamwaga zege kwanza. Kanuni ipo, ya zamani sana, na ni rahisi. Urefu wa nguzo unapimwa kwa upana wake wa chini. Wataalamu wa Italia wa miaka ya 1500 waliipanga hivi: nguzo nene isiyo na mapambo, ya Toskana, urefu ni upana mara 7. Ya Doriki mara 8. Ya Ioniki, ile yenye masikio yaliyojikunja kama pembe za kondoo, mara 9. Ya Korintho yenye majani juu, mara 10. Sasa chukua futi kamba upime ya kwako. Nikikisia una kasha (lile umbo la kumwagia zege) la sentimita 40 na umepandisha mita 6, hiyo ni mara 15, hakuna nguzo ya klasiki ya hivyo duniani, ndo maana jicho linakataa. Ya sentimita 40 mwisho wake ni mita 4 hivi. Ukitaka mita 6 panua ifike 60 au 70.

Alafu nguzo ya klasiki haipandi sawa kama bomba la maji. Juu inapungua kidogo, kama sehemu moja ya sita hivi ya upana wa chini, na mpunguo wenyewe unaanza polepole, haukatwi ghafla. Makasha yanayouzwa mengi yamenyooka tu. Kama mteja ana bajeti mtengenezee kasha lako la mbao au la faiba, ukishalipata utalitumia miaka.

Na pembetatu isisimame sana. Mwinuko mkali ni wa paa la nchi ya theluji, ya Kigiriki imelala. Halafu lazima kuwe na boriti ya kueleweka kati ya vichwa vya nguzo na pembetatu. Wengi wanairuka hiyo, pembetatu inakaa moja kwa moja juu ya nguzo, ndo unaona kama kitu kimepungua na hujui nini.

Mfano wa kutazama kwenye simu yako ni kanisa la usharika la St Martin-in-the-Fields pale London. James Gibbs, Mskoti aliyesomea Roma, alilimaliza 1726. Nguzo sita za Korintho mbele, pembetatu, alafu nyuma ya pembetatu hapo hapo anachomoka mnara mrefu wa kengele. Wapo waliosema huyo mnara umekaa vibaya, unaonekana kama umepanda juu ya paa, na mimi nawaelewa kabisa, ila Gibbs mwaka 1728 alitoa kitabu cha michoro yake na mafundi wakaichukua, Marekani imejaa makanisa ya dizaini hiyo na India kule Chennai yapo. Kwa upande wa pili tazama Madeleine ya Paris, parokia ya Kikatoliki, ilibarikiwa 1842 baada ya kuanzwa na kuachwa na kubadilishwa matumizi tangu miaka ya 1760, Napoleon alitaka liwe hekalu la jeshi lake. Nguzo 52 za mita kama 20 zimelizunguka pande zote, hakuna mnara, kutoka mbali hujui kama ni kanisa. Mimi kati ya hayo mawili ningemshauri mteja wako achukue njia ya Gibbs. Watu wa mtaa wanahitaji kengele na wanahitaji kujua kanisa liko wapi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, kanisa letu liko juu mlimani Moshi, walijenga wamisionari na babu zetu waliobeba mawe kichwani. Kuta ni nene za mawe. Kamati imegawanyika, vijana wanasema tubomoe tujenge la kisasa, wengine tuweke simenti kuta zote na tailizi mpaka kiunoni, dari la jipsam, tumalize. Mimi ni mzee na nimebaki peke yangu ninayesema tuliache. Nisaidie maneno ya kuwaambia. *Mzee wa kanisa, Moshi*

JIBU: Shikamoo mzee. Nitakupa maneno lakini mengine hayatakufurahisha, maana na mimi sikubali mliache tu. Watu wameongezeka, mvua inavuja, kitabu cha mimbarini hakisomeki gizani, vijana wana hoja.

Kwanza wasisubiri serikali iwazuie au iwasaidie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Misheni za mlimani zote ni za baadaye, Kilema Wakatoliki walianza miaka ya 1890 na Walutheri 1893, kwahiyo kanisa lenu halimo mpaka waziri mwenyewe alitangaze. Maana yake anayelilinda ni kamati yenu.

Kuhusu simenti hapo mzee simama imara kabisa. Ukuta wa zamani wa mawe uliofungwa kwa udongo au chokaa unapumua, unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea kwenye uso wa ukuta na kukauka. Ukiufunika kwa plasta ya simenti na rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, chumvi inatokea, plasta inabanduka mapande mapande, na huko mlimani na masika yenu ni misimu michache tu mtaanza kuona. Tailizi za mpaka kiunoni ndo mbaya zaidi maana zinaziba pale pale unyevu ulipo mwingi. Plasta ya chokaa na rangi ya chokaa ni bei ndogo na inarudiwa na watu wa mtaa wenyewe.

Na kwa wanaosema kubomoa, waambie wasome jibu la mama wa Machame hapo juu. Leipzig hawakubomoa. Walichofanya ni kubaki na kuta na nguzo za babu zao na kubadilisha mwanga, rangi na mahali pa kukaa, kanisa likawa la kisasa la wakati wao na linatumika mpaka leo. Wengine wanamlaumu Dauthe kwa kuficha Gothiki, na ni kweli alificha, lakini hakuvunja kilichobeba. Hiyo ndo tofauti ambayo ningeomba kamati iikubali kwenye muhtasari: kinachobeba kisiguswe, kisichobeba kijadiliwe. Dari jipya sawa, kama kenchi za zamani zimekaguliwa kwanza na injinia na hakuna anayezikata ili jipsam ikae sawa. Madirisha yakiongezwa yafuate mstari wa yale yaliyopo. Roshani ya mbao nyuma inaongeza viti bila kugusa ukuta hata mmoja, na kwaya inasikika vizuri ikiwa juu.

Kabla ya fundi yeyote kuingia, kijana mmoja mwenye simu nzuri apige picha kila ukuta, kila maandishi, kila benchi, na mtu apime kwa futi kamba achore. Nakala moja ikae usharikani, nyingine dayosisini. Alafu kazi ianze juu: paa, kisha mifereji ya kupeleka maji mbali na msingi, kisha muache ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi. Rangi mtachagua baada ya hapo, na hapo waacheni vijana wachague.